Papa Symphorien na Roze Yenye Iligeuza Kichwa

Tarehe makumi mbili na nane ya huu mwezi wa kumi na moja, Papa Symphorien Nizeyimana anaacha kazi ku laiteri yetu ya Muheto, nyumba ya kutengenezea maziwa, kisha ya miaka makumi tatu na mine ya kufanya fromaji, jibini ya maziwa ya ng'ombe. Makumi tatu na mine! Kuko watu humu kazini, mie wa kwanza, wenye ata hawajafikisha ile miaka tangu mama zao waliwazala.

Komite ilisema maneno ya kumuaga iandikwe mu programu ya sherehe na mutu mwenye anajua mambo yake. Sekretari akakohoa. Mutu wa hesabu akaangalia viatu. Njo ikanifikia mie, Kasika, motari wa maziwa, mwenye kushukaka mulima na pikipiki, mitungi ya maziwa, zile bido, zimejaa bila kumwanga ata tone. Masomo yangu iliishia segondere ya pili, na ile inatosha kabisa, juu mutu mwenye namuandika hapa hakufikaka kule.

Kwa wageni wenye wametoka mbali: Papa Symphorien ni fundi wetu mukubwa wa fromaji. Alianza na kuosha bido, kisha akawasha moto chini ya sufuria kubwa, kisha akakata maziwa yenye imeganda, kisha akakamata chumba ya fromaji na hakuiachilia tena. Fromaji yenye ulikula ku arusi yako, yenye ulitumia shemeki yako ku Goma, yenye ulificha mu sanduku watoto wasiione, yote ilipita mu mikono yake. Anaigongaka na kidole kama mutu anabisha ku mulango, anatega sikio, kisha anasema: "Hii bado iko na usingizi." Na inabaki ku mbao. Ukimubishia, anakupa na weye uigonge. Unagonga, unasikia kitu hakuna, unatikisa kichwa kama mutu mwenye amesikia.

Ni mutu mwepesi? Hapana. Sisi wamotari njo tunamujua. Anafungua bido, anaingiza pua, anakuangalia kama vile umeiba ng'ombe.

"Kasika, hii maziwa uliileta ao ulicheza nayo ndombolo?"

"Papa, ni barabara."

"Barabara haikamatake usukani. Ni weye njo uliikamata."

Na musifikiri anaogopaka wakubwa. Siku moja bido ya Prezida wetu wa komite, Papa Eugène, ilifika kama bido zingine. Papa Symphorien akachovya kijiko, akaonja, akaita watu wote: "Mukuye muone! Ng'ombe ya Prezida inakunywaka maji kabisa!" Prezida akasema ni muchungaji. Muchungaji akasema ni mvula. Bido ikarudi ku mulima vile ilikuya. Papa Eugène, uko hapa leo mu kiti ya mbele, utusamehe. Tungeacha ile habari, watu wangesema programu imepasuliwa kurasa.

Lakini wote wa hapa wanajua kama hii sherehe ilikuwa karibu kuharibika, na haikuwa juu ya maziwa. Ilikuwa juu ya maua. Ku ukuta ya nyumba yenye laiteri ilimupatia Papa kuko roze, waridi yenye inapandaka ku ukuta, nyekundu, mukubwa kupita nyumba yenyewe. Komite ilitaka roze ibaki na nyumba. Papa alitaka aende nayo. Sasa nitaeleza yote, na mwenye itamuuma akaze meno mupaka mwisho, chakula iko inaiva.

Mwenye hajui desturi ya hii milima yetu, ashike hivi: mu shamba ya wengine unapandaka maharagi, viazi, mahindi, kitu yenye unavuna na inaisha. Kitu yenye inasimama mwaka ku mwaka, ndizi, kahawa, mikaratusi, hapana. Juu muti ukisimama, kesho mwenyewe anasimama kando yake na kusema: hapa ni kwangu. Kesho kutwa watoto wake wanasema: hapa ni kwa papa. Hapo njo makesi inaanza, na wazee wanakunywa pombe ya kuamua mupaka inaisha.

Kijiti ya kwanza ya ile roze ililetwa na Papa Pierre, mufanya biashara wa Butembo mwenye kamio yake, lori, inabebaka fromaji yetu. Aliikata mu lupango, kiwanja ya mama yake, akaichoma ndani ya kiazi ili isikauke mu njia. "Kiazi ni ya Masisi," akasema, "kijiti ni ya Butembo. Musipigane."

Jeran, musimamizi wa laiteri wa ule wakati, mwenye alishahamaka, alikataa palepale. "Hapa ni maharagi. Hii iko na miiba na itasimama, kwa hiyo ni muti."

"Jeran, mutu anawezaka kudai shamba na ua moja?"

"Mutu mwingine, hapana. Weye, naona unaweza."

Kusema kweli, hakukosea sana. Papa akazunguka nyuma ya nyumba. Ukuta ya nyuma inagusa mupaka wa shamba ya Mama Nyiramana, mama mujane mwenye maharagi yake na nguruwe zake. Wakapatana haraka: Papa atachimba shimo moja upande wa mama, karibu kabisa na ukuta, na mama atapata maji ya maziwa yenye inabakiaka ku fromaji, ya kunywesha nguruwe. Muzizi kwa Mama Nyiramana, matawi ku ukuta ya laiteri. Jeran akikuya kuangalia, anaona majani tu yanatokea juu ya mupaka, anashindwa kuanzia wapi.

Ile roze ya kwanza ilikufa. Nani aliiua? Papa mwenyewe, na ile tunaisema mbele yake. Fromaji zetu zinalalaka mu maji ya chumvi ili ngozi yake ikaze. Basi mutu wa fromaji akawaza na kichwa ya fromaji: kama chumvi inakazaka fromaji, itakaza na roze. Akaimwangia ndoo muzima. Kisha siku chache majani ikakunjamana kama tumbako. Bibi yake, Mama Umurerwa, akakuya kuangalia, akashika kiuno.

"Sawa. Nikukatie kipande tukule na bugali?"

Papa Pierre akaleta kijiti ingine, na matusi juu yake bila kulipisha. Ile ya pili ikapewa maji safi na mbolea ya ng'ombe yenye imeoza muzuri. Ikapanda! Ikafika ku bati bila kuangalia nyuma, na kule juu njo ikafungua maua yake yote. Sisi wa chini tulikuwa tunaona miiba tu na miguu mitupu. Watu wakaiita maua ya kunguru. Walikuwa wanapita ku barabara wakiuliza: "Symphorien, kunguru wanafurahi?" Naye anajibu: "Wanafurahi. Wao hawaulizake maneno mingi."

Mwenye alimufundisha kazi ya roze ni ng'ombe. Ng'ombe ya Mama Nyiramana ilikuya kujikuna ku nguzo yenye ilishikilia roze, nguzo ikavunjika, tawi moja kubwa ikaanguka, ikalala kiubavu juu ya kamba ya kuanika nguo. Mama Umurerwa akasema itolewe. Papa akasema kesho. Kesho ya Papa Symphorien, kama si ya fromaji, ni ndefu sana. Tawi ikabaki pale, mama akawa anaanika mashuka ku majani ya ndizi na kununa. Kisha mvula ikarudi, na kila jicho ya ile tawi ikatoa kijiti, na kila kijiti ikatoa ua, tangu mwanzo wa kamba mupaka mwisho. Mama Umurerwa hakusema tena itolewe. Alisema tu: "Basi unitafutie kamba ingine."

Tangu pale Papa hakuachilia tena tawi isimame. Inapokuwa changa na bado inakubali, anaivuta polepole, anailaza ku ukuta, anaifunga na vipande vya kitambaa ya kuchujia maziwa yenye imezeeka. Anafunga mulegevu, kidole ipite, juu tawi inanenepaka na kamba inaweza kuikata. Majani ikipata ukungu mweupe, anaipulizia asubui maziwa yenye amechanganya na maji mingi. Kila mwaka anakata tawi moja ya zamani chini kabisa, changa ipate fasi. Mie nilikuwa namucheka.

"Papa, kwa nini unakunja maua kama polisi anakunja mwizi?"

"Ikisimama inajivuna, inatoa maua ku kichwa tu. Kama weye. Ikilala inafanya kazi."

Nilicheka. Kisha nikafikiri. Kisha nikaona ni muzuri niendelee kucheka.

Na ikawa kitu ya ajabu. Maarusi walianza kukuya pale kupiga picha. Wageni wa komite, mbele ya kuona fromaji, wanauliza: "Ile roze iko wapi?" Mulango ya mbele ya laiteri ikasahaulika, watu wote wakawa wanapitia nyuma.

Vita ilipofika kwetu tena, tulikimbia kama wengine. Papa na Mama Umurerwa walikaa Kirotshe chini ya shitingi, ile plastiki ya wakimbizi. Tuliporudi, bido zilikuwa zimetobolewa, madirisha imeenda, sufuria kubwa imeenda. Roze ilikuwepo. Wenye walilala mu nyumba tukiwa tumekimbia walianikaka nguo juu yake, na vipande vya mashati vilikuwa bado vinaning'inia ku miiba. Ilikuwa imesimama tena kipori, imefunika bati yote. Siku ya kwanza, mbele ata ya kutafuta mulango ya kufunga nyumba, Papa akapanda ku ngazi na kisu. Papa Eugène akapita.

"Symphorien! Watu hawana sufuria, weye unafunga maua?"

"Nafunga."

"Na vita ikirudi kesho?"

"Itanikuta ku ngazi."

Akaendelea kuvuta tawi na kulaza. Lakini nilimuona Mama Nyiramana, mwenye alikuwa amekaa juu ya mizigo yake bila kuifungua, anasimama, anatafuta jembe. Na mie nikaenda kutafuta magurudumu ya pikipiki yangu. Kisha wiki chache tukawa tunafanya fromaji mu masufuria ya kuazima, ndogo ndogo kama za watoto, na Papa akazigonga zile fromaji moja moja kama vile zinaenda kwa mufalme.

Sasa retreti, kustaafu kwa Papa. Fundi akiacha kazi, anaacha na nyumba. Ile ni sheria na Papa hakuikataa. Alishatoa mbuzi na kasiksi, pombe ya ndizi, kwa Mama Nyiramana mbele ya mashahidi, akapata kipande ya shamba upande ule wa mupaka, akajenga nyumba ya mbao, ndogo, karibu sana na ile ya zamani. Ukipiga chafya mu moja, mu ingine wanasema ubarikiwe. Alidhani mambo imeisha. Komite ikamuita ku mukutano.

Prezida akasema na sauti ya kanisa: "Papa Symphorien, tunakushukuru. Nyumba utaiacha na kila kitu yenye iko ku ukuta. Misumari, madirisha, na maua. Ile maua ni sura ya laiteri."

"Zamani mulisema ni muti."

"Ilikuwa jeran wa zamani. Sisi tunasema ni maua."

Muone mambo! Ilipokuwa kijiti, ilikuwa muti, itolewe. Ilipopamba nyumba, ikawa maua, ibaki. Sisi wafanyakazi tulikuwa tumesimama ku dirisha, na hakuna mwenye alicheka, juu Papa alikuwa ameondoa kofia, na yeye haondoake kofia ata kwa gavana.

"Prezida, fromaji zote naacha. Namna ya kuzifanya naacha, nimeshafundisha Dada Kétsia, mwenye atakamata kazi yangu. Kisu naacha. Roze siachi."

"Utaibeba namna gani? Ukiichimba, itakufa."

Na ile ilikuwa kweli, Papa alijua kupita sisi wote. Muzizi ya ule umri haihamishwake kama kuku. Akabaki anakunja kofia mu mikono.

Mama Nyiramana hakuitwa ku ule mukutano. Alikuya. Alipita katikati ya viti na jembe ku bega, matope bado iko inaanguka chini.

"Papa Eugène, ile kitu inakunywaka maji wapi?"

"Ku ukuta yetu, mama."

"Ukuta inakunywaka maji? Kuya uone."

Komite muzima ikatoka nje, na viatu yao ya mukutano, ikazunguka nyumba, ikaingia mu maharagi. Mama akaweka jembe chini, kando ya muguu wa roze, upande wake wa mupaka, mahali kila mutu anaona.

"Muguu iko kwangu. Kwenu ilikuwa inalaza kichwa tu. Mugeni akitaka kurudi kwake, mutamufunga kamba?"

Prezida akaangalia muguu. Akaangalia ukuta. Akaangalia sisi, na sisi tukaangalia mawingu. Mu hii milima, mahali muti imesimama ni mambo mukubwa, na ni komite yenyewe ilitufundisha ile sheria, kila mwaka, na kidole juu. Mwishoni akasema: "Sawa. Basi matawi yote itoke ku ukuta yetu mbele ya siku ya sherehe. Yote! Na ikivunjika, si sisi." Alifikiri ametoa azabu. Papa Symphorien akavaa kofia yake.

Tulifanya ile kazi siku ya Mungu, misa ikishaisha. Wamotari wote, wabeba bido wote, na Dada Kétsia na wasichana wake wa fromaji. Papa alikuwa juu ya ngazi anafungua vitambaa, moja moja. Matawi ya zamani sana, yenye haikubali tena kukunjwa, aliikata mwenyewe, na hakupatia mutu kile kisu. Ile ilikuwa nusu ya roze. Mama Umurerwa alikuwa anakamata ngazi chini, anaangalia mbali. Zenye zilibakia, ndefu, za miaka ya karibuni, tulizilaza ku kipoyi, ile ya kubebea wagonjwa mu milima, tukazizungusha polepole bila kugusa muguu, kama mama anageuza nywele zake kutoka bega hii kwenda bega ingine. Mubeba bido mumoja akavunja tawi. Papa akamuita jina yenye siwezi kuandika mu programu yenye padri anakamata. Mie nilibeba kichwa ya kipoyi, fasi ya miiba mingi. Alama iko mu mikono yote miwili. Naionyesha kwa wasichana wenye hawajaolewa tu.

Jioni roze ilikuwa imelala ku nyumba ya pili, imefungwa, kichwa upande ingine. Na kesho yake ikaanza kuacha majani. Yote. Wiki mbili ilibaki kama kamba za kufungia kuni. Papa Eugène alikuwa anapita kila asubui.

"Symphorien, imekufa?"

"Imechoka. Ata weye ungebebwa vile, ungechoka."

Lakini alikuwa anajibu bila kumuangalia, na Mama Umurerwa aliniambia usiku hakulala. Kazi yake ya maisha yote tulishaikula na bugali, mutu anamaliza, kitu haibakiake. Ile roze ilikuwa kitu yake moja yenye haikuuzwa kwa kilo. Ata mie niliacha kumucheka, na watu wa nyumbani waliniuliza kama niko mugonjwa.

Basi, wageni wetu, mukishakula, muzunguke nyuma ya laiteri. Ku nyumba ya Papa mutaona machipukizi mekundu imefunguka ku matawi yote isipokuwa mawili, na ua moja karibu na mulango. Moja tu, mukubwa kama ngumi. Zingine ziko njiani. Ku nyumba ya laiteri mutaona mbao mitupu, na misitari myeupe fasi matawi yalilala. Komite yetu haikukubali kushindwa: imeitisha mutu wa kuchora, achore roze na rangi. Ameshaanza. Zinafanana na nyanya. Tunapongeza juhudi.

Dada Kétsia, mwenye atalala mu ile nyumba ya nyanya, alienda kuomba Papa kijiti apande. Papa akamujibu: "Nitakupa. Lakini uliza komite kwanza kama mwaka huu ni muti ao ni maua."

Papa Symphorien, laiteri nzima inakushukuru: wenye uliwafundisha, wenye uliwafokea, na wenye ulirudisha bido zao. Hatukuambie safari njema, juu hauendi fasi yoyote, na mwenye hapendi aangalie upande ingine akipita. Ukae pale, mbele ya macho ya kila mutu. Mungu akupatie miaka mingi, Mama Umurerwa kando yako, maziwa ya kunywa pasipo kuinusa kwanza, na miiba ya kutosha.